Pandu na Ukurasa wa Nyumba ya Magodoro

Pandu Mselem alivunjika mguu katika makutano ya barabara ya Jules, palipo na zile taa ambazo Johannesburg nzima inaziita roboti. Roboti ilimruhusu yeye kuvuka. Teksi iliyokuwa inakuja haikuruhusiwa, lakini ilikuja hivyo hivyo. Alipozinduka alikuwa amekaa kando ya barabara, miwani aliyokuwa akiiuza imetapakaa kwenye lami, na mwanamke asiyemjua amemshika bega akimwambia kwa Kizulu asitazame chini. Akatazama.

Hospitali walimfunga plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti, wakampa magongo, wakamwambia akae nyumbani mpaka mfupa ushikane. Mtu mwingine angeshukuru kwamba yu hai, akajinyoosha kitandani. Pandu alishukuru kwamba yu hai, kisha akauliza kama kukaa nyumbani maana yake ni kukaa kabisa.

Tangu ujana wake hakujua kukaa. Aliondoka Pemba kwenda Tanga, Tanga hakumaliza mwaka akawa yuko Mombasa, halafu Beira, halafu Durban, halafu huku. Mkewe Ummi alibaki Wete na watoto wao, ambao sasa nao wana watoto, na kila aliporudi kuwaona alianza kuangalia mlango kabla hajamaliza kufungua mabegi. "Wewe hata usingizini miguu inakwenda," Ummi alizoea kumwambia. Johannesburg alikuwa mchuuzi wa kutembea: mikanda, miwani, vifuniko vya simu, chochote kinachobebeka begani. Asubuhi alitoka Jeppestown, mchana akawa Braamfontein nje ya chuo kikuu, jioni akarudi kwa njia nyingine ili asione alichokwisha kukiona. Na kwa kuwa alipita kila mahali, alijua kila kitu. Nani anapangisha chumba, nani anauza cherehani, nani kalazwa, nani kafiwa. Watu wa Tanga walimuuliza habari za watu wa Goma, na watu wa Goma walimuuliza habari za watu wa Bujumbura, na yeye aliwajibu wote huku anatembea.

Sasa alikuwa na korido moja tu.

Alikuwa anaishi katika kiwanda cha zamani cha magodoro kilichogeuzwa kuwa nyumba ya wapangaji. Wenyewe waliiita Nyumba ya Magodoro. Ilikuwa na majengo mawili yaliyotazamana, kila moja na mlango wake wa chuma na ngazi zake, na katikati yao uwanja wenye bomba la maji na uzio wa nondo unaotazama barabarani. Chumba cha Pandu kilikuwa chini kabisa, karibu na mlango. Alitembea koridoni na magongo yake asubuhi mpaka jioni, akifika mwisho anageuka, akifika mwisho anageuka, hadi jirani yake Célestine, fundi cherehani kutoka Bukavu, alipofungua mlango na kutoa kichwa.

"Papa Pandu, kaa tu chini! Utatoboa sakafu."

"Nikikaa mguu unawasha, mwanangu."

"Na ukitembea?"

"Ukitembea unauma. Bora unaouma."

Simu haikumsaidia. Alikuwa kwenye makundi mengi, na katika kila kundi watu walitumiana dua, utani, picha za mpira na maneno ya kuogofya yasiyo na chanzo. Mtu akiuliza chumba, swali lake linafunikwa kabla ya chai kupoa. Pandu alisoma yote, juu hadi chini, akatupa simu kitandani, akaichukua tena. Alijua kwamba katika nyumba hii hii kuna mtu anatafuta friji na mwingine ana friji isiyo na kazi, na hawajuani kwa sababu yeye, aliyekuwa akiwajuanisha, amefungwa plasta.

Ghorofa ya kwanza, juu yake, aliishi Arlène. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, aliyefika mji huu msichana pamoja na wazazi wake kutoka Uvira, na sasa anafanya kazi katika ofisi moja Randburg ya kutengeneza tovuti. Alikuwa akirudi amechoka, na sasa akirudi alimkuta Pandu ameegemea ukuta chini ya ngazi, anasubiri mtu wa kuzungumza naye. Mwishoni, kwa huruma na pia kwa kutafuta amani yake, Arlène alimshushia kompyuta ya mapajani iliyokuwa imekaa kabatini, yenye vitufe kadhaa vilivyofutika herufi.

"Papa Pandu, angalia tu filamu humu. Itakupitishia wakati."

Pandu aliangalia filamu moja, hakufika katikati. Siku ya pili alimsimamisha tena pale ngazini.

"Hebu niambie, Arlène. Hizo tovuti unazotengeneza huko Randburg, zinakaa wapi?"

Arlène alicheka. "Kwenye kompyuta. Kompyuta yenye iko na programu ya seva."

"Kompyuta kubwa sana hizo."

"Hapana. Seva njo kitu gani? Ni programu tu yenye kungojea. Mtu anabisha, yeye anafungua, anamupa ukurasa wenye aliomba. Hata hii yako inaweza. Sisi wote tunaanzia nyumbani, kwa kompyuta yetu, mbele ya kuweka kitu kwa mtandao."

"Hii hii?"

"Hii hii."

Jibu hilo lilimkaa Pandu kichwani. Alirudi chumbani, akakaa, akasimama, akakaa. Programu inayongoja mtu abishe! Kama inaweza kungoja humu chumbani, na watu wote wa nyumba wanatumia waifai moja ya mwenye nyumba, basi mtu wa jengo la pili anaweza kubisha kwa simu yake na kupewa habari, bila Pandu kuinuka. Kesho yake asubuhi, Arlène akiwa anakimbilia basi, alimkuta Pandu mlangoni.

"Nifundishe."

"Papa Pandu, nachelewa!"

"Nifundishe njiani. Nitumie sauti kwenye simu."

Na hivyo ndivyo alivyofundishwa, kwa vipande vya sauti vilivyojaa honi na kelele za abiria. Arlène alimwambia ashushe programu gani, aiweke vipi, abonyeze wapi kuiwasha. Pandu alisikiliza kila kipande mara nyingi, akiandika kwa kidole kimoja kwenye vitufe visivyo na herufi. Programu iliwekwa. Akabonyeza kuiwasha. Ikawaka kijani, kisha ikazima yenyewe. Akabonyeza tena. Ikazima tena. Alibonyeza mpaka Célestine, aliyekuwa akipita na ndoo, akadhani anaua mende.

"Inagoma," alimwambia Arlène kwa simu.

"Inasema nini kwa chini?"

"Maneno mekundu."

"Soma, Papa. Maneno mekundu njo yenye faida."

Akasoma, herufi kwa herufi. Arlène akamweleza kwamba seva husikiliza kwenye mlango wenye namba, na mlango ule wa kawaida, wa themanini, ulikuwa tayari umekaliwa na programu nyingine ndani ya kompyuta ile. Milango ni mingi. Abadilishe namba kwenye faili la mipangilio, aweke elfu nane na themanini, ahifadhi, awashe upya. Pandu aliitafuta ile namba katika faili refu ambalo lote lilionekana kama matusi. Akaikuta. Akaibadilisha. Akawasha.

Kijani. Akangoja izime. Haikuzima.

Alifungua brauza, akaandika neno lile alilofundishwa, localhost, na namba ya mlango mbele yake. Ukatokea ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba inafanya kazi. Pandu alipiga ukelele. Célestine alikuja mbio, na nyuma yake binti yake Chloé, aliyekuwa darasa la tatu, akiwa bado na sare ya shule.

"Nini, Papa Pandu? Mguu?"

"Inafanya kazi!"

Célestine alitazama ule mstari mmoja. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu," alisema Pandu.

Furaha ile haikudumu. Alipochukua simu na kuandika neno lile lile, simu ilimwambia hakuna kitu. Aliandika tena, kwa herufi ndogo, kwa herufi kubwa. Hakuna. Arlène aliporudi alimkuta amekasirika kabisa.

"Umenidanganya. Ukurasa uko humu ndani tu. Hata simu yangu iliyo juu ya meza hii hii haiuoni."

"Papa, neno localhost maana yake ni hapa kwangu mwenyewe. Simu ikiulizwa, inajitafuta yenyewe ndani. Hakuna seva ndani ya simu." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwonyesha jinsi ya kuitafuta anwani ambayo ruta ya nyumba, kile kifaa kinachogawa waifai, imeipa kompyuta ile, safu ya tarakimu na nukta. "Hii njo jina lake mbele ya wengine."

Simu ilijaribu anwani ile, ikazunguka, ikazunguka, ikakata tamaa. Kompyuta yenyewe ilikuwa na ulinzi wake unaowazuia wageni wasiingie, na ulibidi uambiwe kwamba mlango ule mmoja uachwe wazi kwa watu wa humu ndani tu. Arlène alimwachia hilo alifanye mwenyewe, akaenda kupika. Pandu alihangaika nalo, akatoka koridoni, akarudi, akafungua kisicho sahihi, akakifunga, hadi ukurasa mweupe ulipotokea kwenye kioo cha simu. Safari hii hakupiga kelele. Alikaa akiitazama simu, kisha kompyuta, kisha simu, na kwa mara ya kwanza tangu ajali alisahau kwamba ana mguu.

Wiki zilizofuata aliutengeneza ukurasa. Arlène alimpa kielelezo cha fomu fupi: unaandika jina lako, unaandika neno lako, unabonyeza, linatokea juu ya mengine. Pandu alibadilisha maneno yote yakawa ya Kiswahili. Umeme ulipokatika na kurudi, ruta ilimpa kompyuta anwani mpya na ukurasa ukapotea kwa kila mtu. Akajifunza kuifunga anwani isibadilike. Aliandika maelezo kwenye karatasi, akambandikisha Chloé moja kwenye bomba la maji na nyingine kwenye mlango wa kila jengo.

Watu walicheka. Kijana mmoja wa Tanga aitwaye Fahad, dereva wa magari ya mizigo aliyepanga jengo la pili, alimkuta amekaa uwanjani juani akamwambia, "Mzee, mtandao upo dunia nzima, wewe umetengeneza wa uani?"

"Wa uani ndiyo. Wewe unao wa dunia nzima na hujui jirani yako anaitwa nani."

Mtu wa kwanza kuandika alikuwa Fahad huyo huyo, kwa utani: anatafuta mke anayejua kupika chapati za maji. Célestine akamjibu kwamba anatafuta mume anayejua kuosha masufuria, wa kwake kachoka. Baada ya hapo yakaja ya kweli. Ndoo imepotea. Kuna friji. Maji yatakatwa Jumanne. Mama wa chumba cha kona amejifungua salama. Pandu alikuwa akiufungua ukurasa hata wakati ambapo hakuna jipya. Usiku alilala akiwa na wasiwasi kwamba programu imezima, akanyoosha mkono kuangalia taa ya kijani. Ummi alipopiga kutoka Wete na kumuuliza anaendeleaje, alizungumza juu ya seva tu.

"Umenisikia, Ummi?"

"Nimekusikia. Nangoja utaje mguu."

Kisha zikaanza habari za maandamano.

Kwanza zilikuwa za kwenye makundi ya simu, na nusu yake Pandu alijua ni uzushi. Lakini safari hii na mwenye spaza, kile kiduka cha kona, alifunga mapema, na Mhabeshi wa duka la simu akapakia bidhaa zake kwenye bakkie, pikapu yake, akaenda kwa ndugu zake. Kulikuwa na watu wanaosema wageni wote watoke, na walitangaza kwamba Jumamosi watapita mitaa ya Jeppestown. Kwenye ukurasa watu waliandika maswali ambayo hakuna wa kuyajibu. Je, ni kweli? Twende wapi? Tuwatoe watoto? Pandu alitembea koridoni na magongo, na mara hii Célestine hakumwambia akae. Naye alikuwa akitembea chumbani mwake. Pandu alimsikia kupitia ukutani.

Ijumaa umeme ulikatika. Si ule wa kawaida unaorudi baada ya saa chache. Transfoma ya mtaa ililipuka kwa kishindo, moshi ukapanda, na mafundi hawakuja. Kufikia Jumamosi asubuhi mnara wa simu nao ulikuwa umeishiwa betri, na simu zote za nyumba zikawa hazina hata kijiti kimoja cha mtandao. Gaston, mume wa Célestine, alikuwa amelala kazini kwake upande wa pili wa mji na hakuna wa kumfikia. Msimamizi wa nyumba alifunga mlango wa kila jengo kwa mnyororo na kufuli, akamkabidhi Pandu funguo za mlango wa jengo lake kwa kuwa ndiye aliye karibu zaidi, akamwambia asimfungulie yeyote, akatokomea.

Kitu kimoja kilibaki kinafanya kazi. Mwenye nyumba alikuwa ameweka betri kubwa kwa ajili ya kamera zake za ulinzi, na ruta ya waifai ilikuwa imening'inia kwenye betri hiyo hiyo. Waifai ilikuwapo. Haikuwa na intaneti. Ukifungua chochote cha nje, kimya. Lakini kompyuta ya Pandu, aliyoizima usiku kucha, bado ilikuwa na chaji, na taa ilikuwa kijani.

Saa za adhuhuri zikasikika nyimbo. Zilitoka mbali, zikasogea, na chini yake kulikuwa na mngurumo wa miguu mingi. Watu wa nyumba walifunga mapazia. Hakuna aliyebisha kwa mwenzake, na kama angebisha asingefunguliwa.

Mlango wa chumba cha Célestine ulifunguka taratibu. Alikuja amembeba Chloé kifuani, mkubwa kama alivyokuwa.

"Papa Pandu." Alinong'ona. "Pumu."

Mtoto alikuwa akivuta hewa kwa bidii, mabega yakipanda masikioni, na kila pumzi ilikuwa na filimbi ndani yake. "Mama, angikwazi ukuphefumula," alisema kwa Kizulu kwamba hawezi kupumua, kisha hakusema tena, kwa sababu hata maneno yanataka pumzi. Célestine alikuwa na pampu ya buluu mkononi. Aliitikisa sikioni mwa Pandu. Tupu.

"Niliisha kwenda kwa pharmacie jana, walikuwa wamefunga. Nifanye nini? Nitoke naye?"

Nje nyimbo zilikuwa zimefika barabarani kwao.

"Usitoke," alisema Pandu. Akavuta kompyuta, akaandika kwa kidole chake kimoja, kwa herufi kubwa, haraka kuliko alivyowahi kuandika: MTOTO WA CELESTINE ANA PUMU. PAMPU IMEISHA. NANI ANA PAMPU YA BULUU? Akabonyeza.

Akangoja. Seva ilimfundisha kungoja, lakini haikuwa imemfundisha vya kutosha. Alisimama kwa mguu mmoja, akakaa. Aliusukuma ukurasa ujisome upya. Neno lake lilikuwa peke yake juu. Akausukuma tena. Aliwaza: wamezima simu zao. Wameficha simu zao. Nani anafungua ukurasa wa friji na ndoo siku kama hii?

Célestine alikuwa amemkalisha mtoto wima, anamsugua mgongo, anamwambia kwa Kiswahili cha kwao apumue polepole. Pandu akausukuma tena.

Fahad: *Ninayo. Mimi mwenyewe nina pumu. Naletaje? Kufuli.*

Pandu alipiga hesabu. Jengo la pili lilikuwa pale, ng'ambo ya uwanja, dirisha la Fahad karibu linatazamana na lake. Akaandika: *Irushe. Iweke kwenye soksi.*

Alifungua pazia kidogo. Juu, ng'ambo, dirisha lilifunguka, mkono ukatoka, soksi nyeupe yenye uzito ndani ikaruka hewani. Haikufika. Ilianguka katikati ya uwanja, hatua chache kutoka bombani, mahali ambapo yeyote aliyesimama nje ya nondo angeiona. Na walikuwa wamesimama. Kundi lilikuwa limesita mbele ya uzio, wengine wanaimba, wengine wanachungulia ndani.

"Mimi nitaenda," alisema Célestine.

"Wewe mshike mtoto."

Pandu alichukua funguo na magongo. Akafungua kufuli, na mnyororo ulilia vibaya mno uliposhuka. Akatoka. Jua lilikuwa kali. Aliweka magongo mbele, akarusha mwili, magongo, mwili. Alikuwa ametembea nusu ya Afrika kwa miguu yake, na hakuna mahali palipomchukua muda kama kutoka mlangoni hadi kwenye soksi ile. Akainama. Gongo moja likamponyoka, likaanguka kwa kelele.

"Wena! Ungubani?" Wewe nani?

Mtu alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, wa makamo, fimbo imebanwa kwapani. Pandu alijua jibu la kweli lingemponza. Akasema kwa Kizulu chake cha barabarani kitu pekee kilichomjia. "Umlenze wami wephukile, bhuti." Mguu wangu umevunjika, kaka.

Yule mtu aliutazama mguu. Aliitazama soksi mkononi mwa Pandu. Nyuma yake wengine walikuwa wanasukumana ili waone.

"Ngena endlini, mkhulu," yule mtu alisema kwa sauti ya chini. Ingia ndani, babu. Kisha akawageukia wenzake, akapaza sauti, akaonyesha mbele kwa fimbo yake, na wakasogea.

Pandu hakuokota gongo lililoanguka. Alirudi na moja.

Célestine alimpulizia Chloé pampu, akahesabu kwa sauti isiyotoka, akampulizia tena. Walikaa sakafuni wote watatu. Ile filimbi ilibaki muda mrefu, ikapungua, ikawa inakuja na kwenda, na hatimaye mtoto akasema, kwa Kiswahili ambacho kwa kawaida alikikwepa, "Babu, naomba maji." Pandu akasimama kwa gongo lake moja kwenda kuyaleta.

Siku hiyo Nyumba ya Magodoro haikuguswa. Ng'ambo ya mtaa, vibanda viwili vilivunjwa na mtu mmoja akapigwa vibaya. Jioni watu walianza kuandika kwenye ukurasa: tupo, sisi wa juu tupo, chumba cha kona tupo. Kompyuta ilizimika ikiwa bado wanaandika, chaji ilipokwisha.

Umeme uliporudi Arlène alishuka. Alikuwa amekaa chumbani kwake siku nzima na mama yake mgonjwa, naye alikuwa ameyasoma yote.

"Papa Pandu, hii kitu tuiweke kwa mtandao wa kweli. Nitakusaidia. Batu ba Yeoville, ba Malvern, wote wataweza kuingia."

Pandu alikuwa ameliwaza hilo kabla yake, na lilikuwa limemnyima usingizi. "Wote? Na yule mwenye fimbo je? Akisoma chumba gani kina Mkongo na chumba gani kina Mtanzania?"

"Unaweza weka neno la siri."

"Wewe ungelala?"

Ukurasa ukabaki palepale, ndani ya kuta.

Siyo kila kitu kilitulia. Fahad alihamia Durban mwisho wa mwezi, akamwachia Chloé pampu nyingine mpya. Familia mbili za Burundi ziliondoka bila kuaga. Célestine na Gaston walizungumza kila jioni juu ya kurudi au kutorudi, na Pandu aliwasikia kupitia ukutani wakianza upya kila mara. Yeye mwenyewe, akisikia wimbo wowote barabarani, hata wa harusi, alikwenda kugusa kufuli.

Walipomkata plasta mguu ulitoka mwembamba, umepauka, na umepinda kidogo. Daktari alisema atachechemea. Ummi alimwambia kwa simu, "Sasa basi. Rudi nyumbani ukae." Akamjibu atarudi kabla ya Ramadhani, na alimaanisha, ingawa wote wawili walikuwa wameisikia ahadi hiyo miaka mingine.

Biashara ya miwani hakuirudia. Alinunua begi la mgongoni, akatia kompyuta, akaanza kuzunguka kwenye nyumba za wapangaji kama ile yake, Jeppestown kwanza, kisha Malvern na Yeoville, akiwauliza watu kama wana kompyuta isiyotumika na waifai ya pamoja, ili nao wawe na ukurasa wao wa ndani ya kuta. Nyumba moja walimfukuza wakidhani ni mpelelezi wa mwenye nyumba. Nyingine walimkaribisha, akakaa nao mchana kutwa akipambana na ruta iliyokataa kila kitu. Arlène alimtumia vipande vya sauti, na alimwambia ukweli kwamba nusu ya anachofanya anakifanya vibaya, akamrekebisha.

Asubuhi moja Célestine alipomuona akitoka, chai yake ilikuwa mezani, haijaguswa, inatoa moshi. Alimwita kupitia dirishani aje anywe kwanza. Pandu aliinua mkono bila kugeuka, akachechemea kuelekea kituo cha basi, kwa sababu watu wa Yeoville walikuwa wamesema maneno mekundu yametokea na hawajui yanamaanisha nini.